300Tdi ndani ya Discovery ya V8: inunue na kila kilichoizunguka

Discovery za kwanza na Range Rover za zamani zenye V8 (injini ya silinda nane) ya petroli bado zimejaa Nairobi, nyingi zikiwa zimeegeshwa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Chesi ni nzima, difu nzima, bodi inarekebishika. Kilichozisimamisha ni petroli. Kwenye foleni ya Waiyaki Way, V8 ya lita 3.9 kumaliza lita moja kila kilomita tano si ajabu, na siku ikichemka, bloku yake ya aluminiamu haisamehi. Ndiyo maana kila mwenye gari kama hilo hatimaye huuliza swali moja: niweke dizeli gani?

Injini tunayoipima hapa ni 300Tdi ya Land Rover. Ina silinda nne, cc 2,495, tabo (inayosukuma hewa ndani ya injini) na intakula (inayoipoza hewa hiyo), na inapuliza dizeli moja kwa moja kichwani mwa pistoni. Iliingia sokoni 1994, na mwaka 1998 injini ya Td5 ikaanza kuipokea zamu. Kiwandani inatoa nguvu za farasi 111 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, na torki ya Nm 265 kwa mizunguko 1,800 tu. Ukitazama farasi peke yake utadhani unashuka daraja, kwa kuwa V8 ya 3.9 ina zaidi ya 180. Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hapa inavuta hewa nyepesi na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, ilhali tabo inafidia kiasi kikubwa cha upungufu huo. Kwa matumizi ya kila siku, yaani kutoka kwa raundi abauti, kupanda matuta, kuvuta mzigo kuelekea Limuru, torki ya chini ndiyo unayoihisi mguuni.

Hukumu tunaitanguliza: kwa Discovery ya kwanza, hii ndiyo injini bora kuliko zote unazoweza kupandikiza, kwa sababu gari hilohilo lilitengenezwa kiwandani likiwa nayo. Kila paipu, kila maunti, kila waya una mahali pake palipokwisha kufikiriwa. Ila ubora huo unaupata tu ukinunua injini pamoja na vitu vyake vyote. Ukinunua injini tupu kwa kuwa bei imekupendeza, utaishia kulipa zaidi ya yule aliyenunua nusu ya gari iliyokatwa pamoja na injini na vitu vyake.

Kununua

Kirinyaga Road, pale wengi bado wanapaita Grogan, na kwenye yadi za Industrial Area, utapata injini za aina mbili: zilizotoka ng'ambo zikiwa zimekatwa na giaboksi yake, na zilizoteremshwa kwenye Defender za hapa nchini. Zote zinafaa, mradi ujue tofauti.

Ya Defender inakuja na transfa (kasha linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ya LT230 yenye uwiano wa 1.41. Ya Discovery ni 1.22. Kwa difu za 3.54 na matairi ya kawaida ya Discovery, transfa ya 1.22 inakupa takriban mizunguko 2,400 ukiwa gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa. Ya 1.41 inakupeleka karibu 2,800, na kelele yake hadi Mombasa utaichoka kabla ya Mtito Andei. Basi kama gari lako tayari lina LT230 ya 1.22, iache palepale, uifunge nyuma ya giaboksi mpya. Range Rover za mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea zina transfa nyingine ya mnyororo. Hiyo isikutie tamaa ya kubuni, tafuta LT230.

Giaboksi ni lazima ije na injini. Kasha linalounganisha injini na giaboksi la V8 halikubali Tdi, na shafti ya kuingilia si ile. Tafuta R380 (giaboksi ya manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono) ya Tdi ikiwa kamili: kasha, uma wa klachi, silinda ya klachi ya chini, na bolti zake. Kama Discovery yako ni otomatiki, tunashauri uhamie manyuo. Giaboksi otomatiki ya V8 na ya Tdi zinafanana kwa jina tu, na ile ya V8 ikifungwa kwenye dizeli inabadilisha gia kwa wakati usiofaa kabisa.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya ukiwa palepale yadini. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani. Ukiona uji wa rangi ya maziwa, ondoka. Shika shafti ya tabo kwa vidole uitikise: kucheza kidogo kando ni kawaida, kucheza mbele na nyuma si kawaida. Chini ya kava la mkanda wa taimini kuna tundu dogo lenye plagi; itoe, uingize kidole. Kikitoka na unga mweusi au nyuzi za mpira, mkanda unaliwa, na hilo tutalirudia. Tazama pampu ya dizeli: iwe na kebo ya aksileta. Pampu isiyo na kebo ni ya mfumo wa kompyuta, uliokuwa kwenye baadhi ya Discovery, hasa za otomatiki. Hiyo inataka kompyuta yake na nyaya zake zote, kwa hiyo kwa kazi hii iruke.

Kisha hesabu vipande. Redieta ya Tdi ikiwa na intakula yake na fremu yake, feni na kava lake, kasha la kichujio cha hewa, hozi zote, paipu ya kwanza ya ekzosi, pampu ya stiaringi, altaneta, stata, rilei ya plagi za kupasha moto, na kichujio cha dizeli na kishikizo chake. Na pampu ya vakyumu iliyo kwenye bloku: injini ya petroli inapata vakyumu ya breki kutoka manifoldi, dizeli haina hiyo. Bila pampu hiyo, pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Ukikosa vitu vitatu vya orodha hii, punguza bei. Ukikosa sita, tafuta injini nyingine.

Kufunga

Kazi kubwa ya vyuma ni maunti. Viti vya injini vilivyochomelewa kwenye chesi kwa ajili ya V8 havilingani na vya 300Tdi. Njia sahihi ni kukata viti kutoka chesi ya Tdi iliyovunjwa, au kuvipima kwenye gari zima lenye Tdi, kisha kuvichomelea. Weka kwanza giaboksi na transfa mahali pake kwenye maunti zake za nyuma, funga injini kwenye giaboksi, iache ikining'inia kwa kreni, halafu ndipo uweke alama za viti vya mbele. Fundi anayechomelea viti kwanza na kuilazimisha injini ikubali baadaye atakuachia mtetemo ambao hauna dawa. Transfa ikikaa palepale ilipokuwa, propela shafti za zamani zinabaki. Pima umbali wa flanji hadi flanji kabla ya kufungua chochote, uandike.

Kwa kuwa giaboksi iko chini, kuna vitu vitatu visivyosameheka ukiviacha. Klachi mpya, hilo kila mtu anajua. Oili sili ya nyuma ya kranki, kwa sababu ni bei ndogo na kuifikia baadaye ni kuteremsha giaboksi tena. La tatu, ambalo mafundi wengi hulipuuza, ni uma wa klachi. Uma wa asili umetengenezwa kwa bati jembamba pale unapokalia kichwa cha mhimili. Kadiri miaka inavyokwenda, kichwa kile kinatoboa bati na kutokea upande wa pili, na klachi inakufa ghafla pedali ikiwa sakafuni. Weka uma ulioimarishwa, au chomelea kipande cha bati nene mgongoni mwa ule wa zamani kabla ya kuurudisha. Ni kazi ya nusu saa.

Nyaya ndizo zinazowatisha watu, na ndizo rahisi kuliko vyote. Pampu ni Bosch ya kimekanika. Ikishapata umeme kwenye solenoidi ya kuzimia iliyo nyuma yake, injini inawaka. Ukiondoa hiyo unahitaji waya wa stata, wa altaneta, wa rilei ya plagi za kupasha moto, wa sensa ya joto na wa swichi ya presha ya oili. Mfumo mzima wa umeme wa petroli, yaani koili, kompyuta na sensa zake, toa wote. Usiuache ukining'inia nyuma ya dashibodi. Geji ya mizunguko ya V8 ilikuwa inasoma kutoka koili. Sasa itahitaji geji ya Tdi, isomwe kutoka terminali ya W nyuma ya altaneta. Fyuzi ya plagi za kupasha moto iwe kubwa na waya uwe mnene, kwa sababu plagi nne zikiwaka pamoja zinavuta umeme mwingi sana.

Tanki lisafishwe. V8 ya sindano za petroli ina pampu ya umeme ndani ya tanki, yenye presha kubwa. Itoe, uweke kipande cha kuvutia cha Tdi chenye njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Pampu ndogo ya kuvutia dizeli iko kwenye bloku na inaendeshwa na kamshafti, ina kiwiko cha kupampia kwa mkono unapotoa hewa. Ukipampa na kiwiko kikawa kilegevu bila kusukuma kitu, usidhani pampu imekufa. Kamshafti imesimama vibaya. Zungusha kranki mzunguko mmoja ujaribu tena.

Jambo dogo linaloweza kuharibu kila kitu: mdomo wa tanki. Magari yaliyotengenezwa kwa petroli isiyo na risasi yana mdomo mwembamba ambao nozeli ya dizeli haiingii. Badilisha mdomo, kisha toa maandishi ya V8 mlangoni na bandika neno DIZELI kwa herufi kubwa juu ya kifuniko. Wahudumu wa vituo vya mafuta wanalijua gari hili kwa sura na watakimbilia petroli kwa nia njema.

Springi za mbele pia. V8 ni ya aluminiamu na ni nyepesi. 300Tdi ina bloku ya chuma. Ukibakiza springi za petroli, pua ya gari itainama na taa zitamulika lami. Weka springi za mbele za Discovery ya dizeli.

Maji

Hapa ndipo 300Tdi inapoishi au kufa, na hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Injini yenyewe ni ya kudumu. Hedi yake ya aluminiamu haivumilii kuchemka hata mara moja. Themostati inafunguka kwa nyuzi 88. Kwa mwinuko wa Nairobi, maji yasiyo na presha yanachemka karibu nyuzi 94, na Limuru ni chini ya hapo. Maana yake, kofia ya chupa ya maji ikiwa imelegea, una nyuzi sita tu kati ya injini yenye afya na hedi iliyopinda. Fundi wa Mombasa anaweza kuvumilia kofia mbovu kwa wiki mbili. Hapa juu itakugharimu hedi. Nunua kofia mpya ya presha sahihi siku ileile unayonunua injini, na ujaze maji yenye kizuia kutu ambacho pia kinapandisha kiwango cha kuchemka.

Plagi za plastiki, moja juu ya kasha la themostati na nyingine kwenye redieta, zinazeeka na kupasuka bila onyo. Weka ya shaba kwenye kasha. Gharama yake ni ya chakula cha mchana. Hozi zote mpya, klipu mpya. Kava la feni lirudi mahali pake, hata kama linamsumbua fundi kuingiza mkono; bila kava, feni inazungusha hewa ya injini yenyewe badala ya kuvuta ya redieta, na utaona geji ikipanda ukiwa umesimama kwenye foleni ya Mombasa Road saa nane mchana.

Halafu kuna ile gasketi yenye umbo la herufi P. Inakaa mbele, kati ya bloku na kipande cha aluminiamu kinachobeba pampu ya maji na altaneta, kwa kuwa maji yanapita ndani ya kipande hicho. Ikianza kuvuja haitoi mto, inatoa jasho. Utaona mstari mweupe au wa kijani uliokauka ukishuka mbele ya bloku, na chupa ya maji inapungua kikombe kimoja kwa wiki. Watu huongeza maji na kusahau, hadi siku moja ile jasho inakuwa tundu katikati ya safari. Injini ikiwa chini, kuibadilisha ni saa mbili pamoja na pampu ya maji. Ikiwa ndani ya gari ni siku nzima ya kutukana bolti zilizoshika kutu.

Kutoa hewa: legeza plagi ya kasha la themostati na ya redieta, jaza taratibu kupitia chupa na kupitia kasha hadi maji yafike mdomoni bila mapovu, funga, washa injini, angalia kama hita inatoa joto. Hita ikiwa baridi na geji inapanda, hewa bado imo. Zima usubiri ipoe.

Ikiwa hedi ilishawahi kufunguliwa, uliza gasketi iliyowekwa ina matundu mangapi pembeni. Matundu hayo huonyesha unene wake: zipo za tundu moja, mawili na matatu, kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Anayekuuzia gasketi bila kuuliza idadi ya matundu anakuuzia bahati nasibu.

Mkanda wa taimini

Injini za mwanzo zilikuwa na kasoro inayojulikana: mkanda haukukaa sawa kwenye puli, ukasugua kando na kujila. Ndio ule unga mweusi wa tunduni. Land Rover ilitoa vifurushi vya marekebisho vyenye puli na vipande vilivyobadilishwa. Ukikuta unga, usibadilishe mkanda peke yake, utaliwa tena. Badilisha kifurushi chote.

Hata bila unga, weka mkanda mpya na kirekebishi kipya cha kuukaza kabla injini haijaingia, kwa sababu hakuna karatasi ya kuaminika inayokuambia ule wa zamani umetembea kiasi gani. Pini moja ishike flaiwili, nyingine ya milimita 9.5 ishike puli ya pampu. Ukishakaza, toa pini, zungusha kranki mizunguko miwili kwa mkono, kisha pini zote ziingie tena bila kulazimishwa. Isipoingia hata moja, rudia. Bolti ya kranki ni Nm 80 kisha robo mzunguko. Kwa vumbi la barabara zetu, badilisha kila kilomita 60,000. Mkanda ukikatika, mara nyingi fimbo za valvu hupinda kwanza na kuokoa pistoni, lakini usijenge mipango yako juu ya bahati hiyo.

Nafasi ya valvu zote, za kuingiza na za kutoa, ni milimita 0.20 injini ikiwa baridi. Oili ni 15W-40, lita 6.6 hivi pamoja na kichujio.

Barabarani

Ikikamilika vizuri, ni gari lingine. Inalia kwa sauti ya dizeli ya kweli, na ukiwa umesimama usukani unatetemeka kidogo. Asiyependa hilo abaki na petroli. Kuondoka ni kwa utulivu, halafu karibu mizunguko 1,800 tabo inaamka na gari linajisukuma lenyewe. Kupanda kutoka Mai Mahiu ukiwa na watu watano, gia ya tatu inatosha na geji ya joto haipaswi kusogea. Ikisogea, rudi kwenye sehemu ya maji hapo juu. Matumizi ya kilomita 9 hadi 11 kwa lita nje ya mji ni ya kutarajiwa. Mjini, kidogo chini ya hapo. Kupita malori kwenye barabara ya Naivasha kunataka subira na nafasi ndefu kuliko uliyozoea kwa V8.

Mafundi wengi watataka kuongeza dizeli kwenye pampu ili gari liwe jepesi. Robo mzunguko wa skrubu huhisiwa mara moja, na moshi mweusi nao huonekana mara moja. Moshi huo ni joto la ziada linalopita kwenye pistoni na tabo. Bila geji ya joto la ekzosi, acha skrubu ya kiwandani ilivyo.

Walio na injini ya dizeli ya Isuzu 4JB1-T au Toyota 1KZ-TE mkononi watauliza kama nazo zinafaa. Zote ni injini tunazoziheshimu, na spea zake zimejaa kila kona. Lakini kwenye Discovery zinahitaji bati la kuunganishia giaboksi, maunti za kubuni, ekzosi ya kubuni na redieta ya kubuni, na 1KZ-TE inahitaji kompyuta yake juu ya hayo. Kila kitu cha kubuni ni kitu ambacho fundi anayefuata hatakielewa.

Mwisho wa kazi ni karatasi. Namba ya injini na aina ya mafuta kwenye logibuku vibadilishwe kupitia NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na gari lipelekwe ukaguzi, kwa wengi wa Nairobi ni pale Likoni Road. Tunza risiti ya injini na nakala ya karatasi zake za forodha. Muuzaji asiyezitoa siku ya kwanza hatazitoa siku ya pili. Piga picha namba iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijaingia, maana ikishafungwa mbele ya giaboksi na kuzungukwa na mapaipu, kuisoma kunataka kioo, tochi na goti chini. Kisha mjulishe mwenye bima kwa maandishi kuwa gari sasa ni dizeli.